Kidonge cha Kulia Chapati

Sehemu ya tano

Sogeeni. Leo salamu zangu ni fupi, na anayetaka kucheka acheke mapema, maana huko mbele nina hasira na sitaki kukatizwa.

Tegueni hiki kwanza: mgeni wangu mweupe, laini, kila nyumba wanamkaribisha kwa furaha, akiingia kwangu anachoma nyumba kwa ndani.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Mmenipa Mombo. Basi nimeteremka Mombo, nimekula, nimeshiba, nimepanda tena mlima. Jibu ni unga wa ngano.

Kwa aliyechelewa kufika: mjukuu wangu Zakia, mtoto wa marehemu mwanangu Twaha, nimemlea mimi tangu anatambaa. Tumbo lake na ngano ni maadui. Daktari wa hospitali kubwa alimpima damu, akampima na utumbo, akatuambia ugonjwa unaitwa siliaki. Ndani ya ngano mna kitu kinaitwa gluteni, ule utomvu unaofanya unga uvutike kama ulimbo. Utumbo wa Zakia ukikutana nao unajipiga wenyewe mpaka unachubuka.

Dawa ni moja tu. Asile ngano. Si kidogo, si sikukuu, si harusini.

Tukala bada, ugali wetu wa muhogo. Tukala ndizi, viazi, makande. Mtoto akanawiri mpaka wachumba wakaanza kukosea njia na kupita mlangoni kwangu.

Akampata Sharifu, kijana wa upande wa Bumbuli anayeteremsha kabichi Mombo kwa pikapu yake. Siku ya kwanza ya kwenda ukweni, mama yake Sharifu, anaitwa Mwanaisha, aliandaa chapati. Zakia akasema, "Samahani mama, mimi sili ngano."

Mnajua huku kwetu ukikataa chakula cha mtu nyumbani kwake umemwambia nini. Hujamwambia umeshiba. Umemwambia, "Naogopa mkono wako."

Ukoo wa Sharifu wakanuna. Mara ya pili Zakia alipokwenda, akala. Akala chapati kama watu wote, wakampigia na vigelegele. Kabla jua halijazama Sharifu alimshusha kwangu kutoka juu ya magunia ya kabichi, kajikunja kama jongoo.

Hapo ndipo nilipowaachia juma lililopita: mtoto kalazwa zahanati, na mimi nimesimama pembeni ya kitanda, sielewi kwa nini mtu mwenye akili zake ale moto kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa nimeelewa. Heri ningebaki mjinga.

*

Zakia alikuwa hasemi na mtu. Kageukia ukuta.

"Kitendawili," nikamwambia.

Akavuta shuka mpaka kichwani.

"Kitendawili, we mtoto! Mimi si wa kusema na ukuta."

"Tega," akajibu, sauti ya paka aliyenyeshewa.

"Bibi harusi wa milimani, kavaa nguo kumi, ukizivua zote mwili humwoni."

"Kabichi," akasema. "Nimezilalia njia nzima, Bibi. Nazijua."

Nikacheka. Naye akataka kucheka, kikamtoka kilio. Akalia mpaka mto ukalowa, na mimi nikamwacha, maana kilio ni kama maziwa, ukiyafunika yanachemka yanamwagika.

"Bibi, ukinipiga sina pa kwenda."

"Nikupige wapi, na dripu hiyo? Sema."

"Nilimeza vidonge."

"Vidonge gani?"

"Vya kulia chapati."

Nikadhani homa imempanda kichwani. Nikamshika paji la uso. Baridi.

"Shangazi Sabra alinipa," akasema. "Alisema nikimeza viwili kabla ya kula, ngano inakatwakatwa tumboni kabla haijanifikia. Alisema Ulaya watu wenye tumbo kama langu wanameza, wanakula mikate, maisha yanaendelea. Nikamezea chooni kwa mama Mwanaisha."

"Chooni kwa nini? Dawa ni wizi?"

"Bibi, na wewe! Ukimeza dawa kisha ukala chakula cha mtu, si ndiyo mbaya zaidi? Watasema nimekuja na kinga."

Hapo alisema kweli.

"Lakini ulikuwa unajua ngano inakufanya nini, Zakia."

"Nilitaka mama Mwanaisha aone nakula." Akajifuta pua kwa shuka. "Siku ile ya kwanza nilipokataa, alizifunika zile chapati kwa mtandio wake polepole, kama anafunika maiti. Bibi, mimi nitaishi na yule mama. Nilitaka aone nakula tu."

Nesi Klara alikuwa amesimama mlangoni, kasikia. Dada mmoja wa watu, mzaliwa wa huko mashamba ya chai. Nikamgeukia na hasira yangu yote.

"Nesi, vidonge hivyo ni uongo?"

"Si uongo mtupu, Bibi. Vinaitwa vimeng'enya. Vinaimega ile gluteni kidogo. Lakini havimalizi. Kwa mwenye siliaki, kinachobaki kinatosha kumlaza. Havijawahi kuwa ruhusa ya kula ngano."

"Yaani nimemweka mlinzi mlangoni. Wanakuja wezi kumi, anakamata watatu, halafu ananipigia simu: lala salama mama."

Nesi Klara akaziba mdomo asicheke mbele ya mgonjwa. "Hivyo hivyo, Bibi."

Nikachukua kanga yangu. Nikashuka mjini.

*

Sabra ni mwanangu. Kitinda mimba wangu. Nawaambia mapema msije mkasema namsengenya mtoto wa mwenzangu. Ana kibanda cha vitenge hapo Lushoto mjini, na mdomo unaoweza kumuuzia samaki maji.

"Mama! Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Vidonge vya kulia chapati viko wapi?"

Mwenzenu nilitegemea atatetemeka. Wapi! Akainama chini ya meza, akatoa kopo la njano, akaliweka mbele yangu na kulizungusha ili picha ya ngano inielekee.

"Unataka na wewe? Vitakufaa kwa kile kiungulia chako."

Nilimzaa mwenyewe huyu. Sikumwokota.

"Mtoto wa kaka yako yuko kitandani, Sabra."

"Nimesikia. Nilikuwa nakuja."

"Umemlisha ngano."

"Nilimsaidia, Mama! Wewe ulitaka aolewe na nani na masharti yale? Hali chapati, hali maandazi, hali tambi. Mahindi yasisagwe kwenye mashine iliyosaga ngano. Uji wa lishe aulize kwanza una nini. Mwanamume gani ataoa masharti?"

"Sharifu."

"Sharifu! Na mama yake? Na ukoo wake? Wewe hukuwapo siku ile walivyomwangalia. Mimi nilikuwapo. Nilitaka kufa kwa aibu."

"Kwa hiyo ukamtoa mtoto afe yeye."

Akaweka mikono kiunoni. "Mama, vidonge vinafanya kazi. Nimewapa watu wengi, hakuna aliyelazwa."

"Umewapa?"

Akatazama pembeni. "Nimewauzia. Mimi ni mwakilishi. Chini ya Bwana Alphonce, yule wa Mombo mwenye koti jeupe. Mama, ni kitu kizuri! Alisema nikipata mtu mmoja aliyekuwa hawezi kabisa kugusa ngano, akala mbele ya watu, akasimama kutoa ushuhuda, basi nitafungua tawi langu mwenyewe."

Nikalitazama lile kopo na picha yake.

Kumbe mjukuu wangu hakuwa mgonjwa anayesaidiwa. Alikuwa bango.

"Na sasa bango limeanguka," nikamwambia. "Utatoa ushuhuda gani?"

"Lakini si vidonge, Mama." Akasogea, akapunguza sauti, na macho yake yakawa kama ya mtu anayesema kitu alichokwisha kukisema kwingine na kikapendwa. "Fikiri na wewe. Dawa alimeza. Ngano ikakatwa. Sasa kilichomwangusha ni nini? Alikula wapi? Kwa mkono wa nani?"

"Sabra. Umemwambia nani maneno hayo?"

Akaanza kukunja kitenge ambacho kilikuwa kimekwisha kunjwa.

*

Siku ya gulio la Lushoto nilimfuata Alphonce pale anapouzia, kati ya wenye mapea na wenye mitumba. Mwavuli mkubwa, spika, koti jeupe la daktari, na chini yake buti za tope.

"Vimeng'enya, mama zangu! Ni mapanga madogo! Ngano ikishuka tumboni, yanaikatakata! Gesi kwaheri! Kiungulia kwaheri!" Akaniona. "Shikamoo Bibi."

Sikuitikia.

Akadhani mimi kiziwi. Akasogeza spika mdomoni. "SHIKAMOO BIBI!"

Huku kwetu shikamoo ikianguka chini isiokotwe, watu husimama. Mwenye mapea akaacha kupanga. Wenye mitumba wakageuka.

"Shikamoo yako irudishe mfukoni," nikasema. "Nitaitika siku mjukuu wangu akiweza kukaa."

"Mjukuu gani, Bibi?"

"Zakia. Uliyemtuma Sabra amlishe vidonge ale chapati."

Akashusha spika. Nitasema kweli, uso wake haukuwa wa tapeli. Ulikuwa wa mtu aliyejiamini kupita kiasi, na huyo ni mbaya zaidi, maana tapeli anajua kukimbia.

"Bibi, mimi hivi navitumia mwenyewe. Nilikuwa nikila chapati najaa gesi, tumbo ngoma. Nikimeza kidonge, sisikii kitu."

"Gesi! Wewe ulikuwa unajamba, mjukuu wangu utumbo unachubuka, mkapewa dawa moja?"

Gulio zima likapasuka kwa kicheko. Mtu nyuma akapiga mluzi.

"Mimi sikusema ni vya wagonjwa wa hospitali," Alphonce akasema, jasho linamtoka.

"Ulisema ni vya nani?"

"Watu wote ambao ngano inawasumbua."

"Na Zakia ngano inamfanyaje? Inamchekesha?"

"Bibi..."

"Umeuza panga dogo kwa mtu anayevamiwa na jeshi. Vua hilo koti. Wenye koti hilo wanamuuliza mtu anaumwa nini kabla hawajampa dawa!"

Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshinda, jamani. Nilikuwa nimeshika pembe zote mbili za ng'ombe.

Ndipo mwenye mapea akasema, taratibu, kwa sauti ya huruma:

"Bibi, unamwonea kijana wa watu. Si vidonge. Mjukuu wako kalishwa kitu kule ukweni. Mwanao Sabra mwenyewe ndiye aliyetuambia."

"Hata mimi nimesikia," akadakia mwingine. "Yule Mwanaisha. Mumewe mwenyewe alikufaje?"

"Alikufa kwa kuangukiwa na mti!" nikasema.

"Na mti ulisukumwa na nani?"

Mnaona watu? Mti wenyewe ulikuwa umeoza, kila mtu anaujua.

Alphonce akawatazama. Akanitazama mimi. Kisha nikaona, kwa macho yangu haya, jinsi kamba inavyomfikia mtu anayezama. Akainua spika.

"Mmesikia, mama zangu. Mmesema wenyewe, si mimi. Dawa inapambana na ngano. Hayo mengine, dawa haimo."

Watu wakatikisa vichwa. Ndiyo, ndiyo. Mama mmoja akasogea akanunua kopo. Akafuata wa pili.

Nilikwenda kumfungia biashara. Nikaiacha imechangamka.

*

Sharifu alikuja kwangu jioni yake. Hakuingia. Alikaa kwenye kizingiti, kofia mkononi.

"Bibi, kisimani wamemwaga maji aliyowatekea mama."

"Nani?"

"Majirani. Watu aliowakanda wakijifungua." Akaikunja kofia. "Watu wa kwetu nao wamechachamaa. Shangazi Sabra amesema Zakia alikuja na dawa, na dawa ikashindwa na kilichokuwa kwenye chapati. Basi ukoo wanauliza: mlijuaje mje na dawa? Mlikuwa mnamshuku mama toka mwanzo?"

"Umewaambia ni vidonge vya ngano?"

"Nimewaambia yote Zakia aliyonieleza, mpaka sauti imekauka. Wanasema ukiona mtu anameza kitu chooni kisha anatoka kula, hiyo si dawa ya tumbo."

"Mama yako anasema nini?"

"Hasemi. Anafua." Akageuza uso. "Anafua hata nguo safi, Bibi. Anazianika, zikikauka anazitoa anafua tena."

Hapo hasira yangu, iliyokuwa imetapakaa kama maji ya mvua uani, ikapata mfereji. Maana mimi pia, nisiwafiche, kwa usiku mmoja nilikuwa nimemnung'unikia yule mama na chapati zake. Yeye alikuwa amekanda unga, akachoma, akamkaribisha mgeni. Basi. Hakuna lingine alilofanya.

"Ijumaa baada ya swala wazee wanakaa kwetu," Sharifu akasema. "Imamu amekataa kuja, amesema hayo si mambo ya dini. Lakini baba mdogo, Mzee Shehoza, amesema neno hili likilala litaota mizizi. Anataka Zakia awepo."

"Atakuwepo. Na mimi nitakuwepo. Na Sabra nitamvuta kwa sikio."

*

Sikuwa na haja ya kumvuta. Sabra alifika kabla yetu, kajipamba, na pembeni yake amesimama Alphonce na koti lake.

Uani kwa Mwanaisha pamejaa watu. Nguo zimeanikwa kila kamba, safi, hazina hata doa. Zakia nilimshika mkono. Alikuwa katoka kitandani na miguu bado ya ndama. Nilikuwa nimebeba chungu cha bada na kisamvu. Nia yangu ilikuwa moja. Huku kwetu neno la uchawi halifutwi kwa mdomo mtupu, linafutwa kwa mkono kwenye sinia. Nilitaka Zakia na Mwanaisha wale pamoja mbele ya watu, yaishe.

"Wazee wangu," nikaanza, "mtoto huyu ana ugonjwa wa ngano. Hakulishwa kitu. Alikula chapati safi za mama safi, akadanganywa na kidonge. Nesi Klara wa zahanati yuko tayari kuja kuwaeleza."

Mzee Shehoza alinisikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Ni mzee mwenye kupenda jambo linyooke, na jambo lisiponyooka hulikanyaga.

"Mama, nesi anajua tumbo," akasema. "Sisi hapa tunazungumza mkono."

"Basi wale pamoja. Nimekuja na chakula, hiki hapa."

"Kimepikwa na nani?"

"Na mimi."

"Ah." Akatabasamu kwa huzuni. "Mama, ukibadili chakula umebadili kesi. Msichana alianguka kwa chapati za Mwanaisha. Ale chapati za Mwanaisha, za mkono ule ule, hapa, tunaona. Akisalimika, atakayetaja tena jina la shemeji yangu atanijua mimi ni nani."

"Na asiposalimika?"

Akautazama mlango wa jikoni, na watu wote wakautazama.

Mnaliona shimo lenyewe, wasomaji wangu? Akikataa, amethibitisha anaogopa mkono. Akila, ataumwa, na kuumwa kwake ndiyo hukumu. Njia zote mbili zinaingia shimo moja, na ndani ya shimo yumo Mwanaisha.

"Mzee, kuna njia," Sabra akasema, kajaa nuru. "Bwana Alphonce yuko hapa. Safari ile alimeza viwili. Leo atameza vinne. Ngano yote itakatika. Hataumwa."

"Vinne ni vingi lakini havina madhara," Alphonce akasema. Hakunitazama.

"Mnaona?" Sabra akasema. "Hapo itajulikana. Akimeza vinne na bado akaanguka..."

"Sabra!"

Sijui ile sauti niliitoa wapi. Kuku waliruka.

"Nimekubeba mgongoni nikilima maharage. Nimekutafunia chakula ulipoota vidonda vya mdomo. Leo unasimama kwenye uwanja wa watu kumweka mtoto wa marehemu kaka yako kwenye mzani, upande huu chapati, upande huu kopo lako, na lolote litakalotokea wewe unapona! Akisimama, kopo limeshinda. Akianguka, Mwanaisha mchawi. Wewe umejitengea wapi pa kuumia, mwanangu? Nionyeshe!"

Sabra akajificha nusu nyuma ya koti la Alphonce.

"Na wewe," nikamgeukia Alphonce. "Sema mbele ya wazee. Una hakika?"

Akaramba midomo. "Kwa watu wengi..."

"Sikuulizi watu wengi. Nakuuliza huyu."

"Bibi, mimi nauza tu."

Nilidhani wazee watacheka, watampokonya, watamfukuza. Mzee Shehoza akasema, "Mwachieni msichana aamue."

Zakia akauachia mkono wangu.

"Nitakula," akasema.

"Zakia!"

Akaniinamia sikioni. Pumzi yake ilikuwa ya moto. "Bibi, nikikataa, yule mama kesho hana pa kuchota maji, na baada ya kesho hana paa. Nikila, maumivu hayaji papo hapo. Nitajikaza mpaka watu watawanyike. Wewe nishike tu nikisimama."

"Utafika wapi ukijikaza? Chumvi hujificha majini, ulimi ukaijua. Watakukalia mpaka waone."

"Basi watanikalia."

Akanyoosha kiganja. Alphonce akamwekea vidonge vinne. Zakia akameza mbele ya watu wote. Hakujificha chooni safari hii.

Mwanaisha akatoka jikoni na sinia.

Ni mwanamke mfupi, mikono mikubwa ya jembe. Kajifunga kanga safi, na juu ya chapati ametandika mtandio ule ule. Akakaa kwenye mkeka, akaufunua. Mvuke ukapanda. Harufu nzuri, wajukuu zangu, siwezi kusema uongo. Mama yule anajua kuchoma chapati.

"Karibu, mwanangu," akasema, kama vile hapakuwa na mtu mwingine uani.

"Ahsante, mama."

Wakanawishana. Bismillahi. Zakia akakata kipande, mkono ukaanza safari ya kwenda mdomoni. Sharifu akafumba macho. Mimi sikufumba, nilitaka kuona ili nisije nikasamehe.

Mwanaisha akamshika mkono.

Aliutazama. Pale sindano ya dripu ilipochomwa palikuwa bado pamevimba, na rangi ya zambarau. Akapapasa kwa kidole gumba.

"Umemeza ngapi?"

"Vinne, mama."

"Vitakusaidia?"

Zakia nimemfundisha asiseme uongo mbele ya chakula. Akainamisha kichwa.

"Ukila hiki, utaumwa?"

Chozi moja likamdondoka kwenye sinia.

Mwanaisha akakitoa kile kipande katika vidole vyake, pole pole, kama unavyomnyang'anya mtoto mchanga kisu. Akakirudisha. Akavuta mtandio, akafunika.

Kisha akasimama.

"Wazee wangu," akasema, "msimlishe huyu mtoto. Mlichokuwa mnakitafuta nawapa. Nilikuwa mimi. Nilimtilia kitu kwa mkono wangu huu."

"Mama!" Sharifu akaruka. "Mama, unasema nini!"

Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi, moja kwa moja, mama kwa mama. Macho hayo hayakuwa ya mchawi wala ya mwendawazimu. Yalikuwa yananiambia: mchukue mtoto uondoke naye sasa hivi, kabla hawajabadili mawazo.

"Anasema uongo!" Zakia akalia. "Bibi, waambie! Anasema uongo kwa ajili yangu!"

Nani wa kumsikia? Uwanja ulikuwa umelipuka. Wanawake wanavuta watoto wao, mtu kapiga teke sinia, chapati zinaviringika kwenye vumbi. Sabra kakaa chini, kopo limemwangukia mapajani, anarudia, "Mimi sikusema hivyo, mimi sikusema hivyo." Alphonce nilimwona mgongo tu, koti jeupe linateremka kilima mbio.

Nikasonga mbele, nipate kusema. Nikaukuta mgongo wa Mzee Shehoza.

Alikuwa kwenye mlango wa uani. Akausukuma, akatia komeo, akageuka, na uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu ambaye jambo lake limenyooka.

"Hatoki mtu," akasema.